Mjusi Niliyempaka Mawese

Mkia wake ulibaki mkononi mwangu, mwenyewe akakimbia. Ndivyo tulivyojuana. Nilikuwa nakunja mkeka asubuhi, nikamwona amejibana kwenye ufa wa ukuta, mgongo una madoadoa meusi kama chui mdogo, nikamkamata pale palipoonekana rahisi. Mkia ukakatika. Ukaendelea kujinyonganyonga kiganjani bila mwenyewe, na mimi badala ya kuutupa kama mtoto mwenye akili nikaukodolea macho mpaka ukatulia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mijusi nilikuwa nimewaona tangu kuzaliwa, ila sikuwahi kujua kwamba kiumbe anaweza kuacha kipande chake nyuma na kuendelea na safari.

Nilitaka kujua atapona au atakufa. Basi nikamfuata mpaka pembeni, nikamfunika kwa kopo la maziwa ya unga, nikatoboa kifuniko kwa msumari. Huo ulikuwa ufugaji wangu wa kwanza, na niseme ukweli tangu mwanzo: nilikuwa mfugaji mbaya.

Tulikuwa Baraka, mji wa kando ya ziwa, na tulikuwa kwenye nyumba ya watu. Mimi na mama tuliteremka kutoka Fizi, kule juu mlimani, wakati wa vita vya pili, vile vilivyoanza watu bado hawajamaliza kusimulia vya kwanza. Baba alikuwa amekwenda Misisi kuwauzia sabuni wachimba dhahabu, barabara ikafungwa nyuma yake, na habari zake tulizipata kwa watu waliosikia kwa watu. Kando ya ziwa mama alimjua mtu mmoja tu, mjane mzee wa Kiislamu ambaye miaka yote kabla ya vita alikuwa ananunua mawese yetu. Alitupa chumba cha nyuma, kilichokuwa cha nyavu za marehemu mume wake. Mwenyewe alikaa vyumba vya mbele na mkwe wake, mke wa mwanawe aliyekuwa amevuka kwenda Kigoma. Tukawa wanawake wanne chini ya bati moja.

Yule mzee walimwita Bibi. Kwa sisi wa mlimani bibi ni mke wa mtu, kwa hiyo wiki nzima niliogopa kumwita hivyo, nikijiuliza nitakuwa namwita mke wa nani. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Kisha akaacha kucheka, akanipa sheria moja, nayo aliirudia karibu kila siku.

"Hapa ni kwa batu. We ukiharibu, tutalala wapi?"

Jibu nililijua. Waliokosa mwenyeji walilala chini ya vibanda vya soko, na mvua ikinyesha walisimama mpaka iishe, watoto wamewabeba begani. Nilikuwa nawaona kila nilipokwenda kuteka maji. Kwa hiyo msije mkasema sikujua nilichokuwa nachezea. Nilijua sana, lakini kichwa changu ni kigumu, na mjusi alikuwa ameshaingia kwenye kopo.

Siku ya kwanza nilimpa bugali, kijidonge kizuri nilichokifinyanga kwa vidole viwili. Akakitazama. Siku ya pili nikampa ndagala, maana Baraka kila chenye mdomo kinakula vile visamaki vikavu: watu, paka, bata, hata mbuzi nimemwona. Hakugusa. Nikaloweka ndagala, nikamtafunia kabisa kama mama anavyomtafunia mtoto asiye na meno, nikamwekea mbele ya pua. Akageuza kichwa. Nilikasirika. Watu tunakula mara moja kwa siku, na huyu mgeni asiye na mkia anachagua.

Siku ya nne nzi aliingia kwenye tundu la kifuniko. Sikuona hata alivyoliwa. Nilisikia tu kitu kimegonga bati la kopo, na nilipochungulia, bawa moja lilikuwa linaning'inia kwenye kona ya mdomo. Nilikaa chini. Kumbe huyu hali kitu kilichotulia. Kwake yeye chakula ni kile kinachojaribu kukimbia.

Kuanzia hapo nikawa mwindaji. Nzi hawakosi mahali samaki wanaanikwa juani. Mende nilimtoa miguu ya nyuma kwanza, asimsumbue lakini bado atikisike. Mvua ikinyesha, kumbikumbi walijaa uani, mimi nikikimbizana nao kwa ajili yake, na majirani wakidhani nina njaa kuliko wao, wakinihurumia. Maji nilimwekea kwenye kizibo cha chupa, hakunywa. Nikaja kugundua kwamba analamba matone kwenye ukuta wa kopo, yale niliyoyamwaga kwa bahati mbaya. Basi nikawa narushia matone kwa vidole, kama padri. Kopo nililiweka juani apate joto, nusura nimpike; nikamhamishia kwenye kivuli cha nyavu, na kigae cha chungu kilichovunjika awe anajificha chini yake.

Na macho yake, jamani. Hana kope. Hawezi kufumba. Vumbi likiingia, anatoa ulimi na kujilamba jicho lenyewe, taratibu, kama mtu anayefuta kioo cha taa. Nilijaribu mwenyewe, ulimi wangu haukufika hata puani. Mkia ukaanza kuota tena, kijivu, mnene, bila madoa. Kila asubuhi niliupima kwa ukucha wangu. Bunduki zilikuwa zinalia vilimani siku nyingine, kila mtu akihesabu milio na kukisia iko umbali gani, na mimi nimelala kifudifudi nahesabu mistari chini ya vidole vya mjusi. Sioni haya kusema kwamba miezi ile nilikuwa na furaha.

Mama alimwona wiki ya pili. Hakupiga kelele, alinong'ona, na mnong'ono wa mama ulikuwa mbaya kuliko kofi. Alisema mjusi ni sumu, mate yake ni sumu, ngozi yake ni sumu, nimtupe mbali kabla mwenye nyumba hajajua. Nikasema ndiyo mama. Nikatoka na kopo, nikazunguka nyumba, nikarudi nalo ndani ya nguo na kulizika chini kabisa ya nyavu. Njia ya uongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa fupi kweli, ilizunguka nyumba moja.

Bibi naye alikuwa na vita vyake na mijusi. Akimwona mmoja ukutani alivua ndala. Jina lake kamili, alinifundisha, ni mjusi kafiri, kwa sababu siku ile makafiri walipowasha moto wamchome Nabii Ibrahimu, wanyama wengine walileta maji, yeye akakaa anaupuliza uwake zaidi. Nilimuuliza mama pembeni kafiri maana yake nini. Mama alifikiri kidogo, akasema kwa sauti ya chini kwamba labda ni sisi. Tulikuwa Waprotestanti. Tukacheka wote wawili, tumeziba midomo.

Lakini habari ya kupuliza ilinikaa kichwani. Niliweka majivu kidogo mbele ya pua ya mjusi wangu, laini kabisa, nikangoja karibu asubuhi nzima. Hata chembe moja haikutikisika. Nikaenda kwa Bibi, nikajifanya nauliza tu, nikasema Bibi, na mdomo ule mdogo, pumzi yake ilikuwa kiasi gani? Akaacha kumenya muhogo wake.

"Adui hapimwi kwa pumzi," akasema. "Anapimwa kwa nia."

Alicheka, akanipa kipande cha muhogo. Nilitoka pale nikijua mambo mawili: kwamba Bibi ananipenda, na kwamba siku akifungua lile kopo, mapenzi yataisha.

Kisha mjusi akaugua. Rangi ilififia, madoa yakapotea chini ya utando mweupe, macho yakawa na ukungu, akakataa hata nzi aliyetembea juu ya kichwa chake. Msimu ule surua ilikuwa imeingia mtaani. Watoto walilala na homa, macho mekundu, na baada ya vipele ngozi ilibanduka. Mama zao waliwapaka mawese mwili mzima, na mama yangu alikuwa ameitwa mara nyingi kuwapaka, maana mikono yake ilisifiwa. Aliniambia surua inapenda kujificha katikati ya vidole, hapo usipopaka umefanya kazi bure. Sasa mimi, mwenye mgonjwa ambaye ngozi inaanza kubanduka, ningefikiri ugonjwa gani mwingine? Nilijua kabisa ni surua.

Tulikuwa na kidumu kimoja cha mawese, cha mwisho, tulichokibeba kutoka mlimani. Nilichovya kidole. Nikampaka kuanzia kichwani, tumboni, mkia mpya, na vidole vyote, kimoja kimoja, katikati yake na chini yake, kama nilivyofundishwa. Akawa anang'aa mwekundu.

Kesho yake ngozi ya zamani ikaanza kutoka. Alikuwa anaivuta kwa mdomo kama mtu anayevua soksi, na anaila. Chini yake palikuwa na mjusi mpya kabisa, madoa meusi tii. Nilijiona daktari. Miaka baadaye, kwenye école secondaire, mwalimu alipotuambia kwamba mijusi hujivua ngozi wenyewe, bila ugonjwa wowote na bila kusaidiwa na mtu, niliinamisha kichwa kwenye meza mpaka kipindi kikaisha. Lakini siku ile nilikuwa daktari, na daktari humaliza dozi. Nikampaka tena, zaidi ya jana. Kisha nikamtoa apande ukuta kidogo anyooshe miguu, kama nilivyozoea kufanya mchana, mkono wangu ukimfuata chini.

Kuta za ndani za nyumba ile hazikufika kwenye bati. Upande wetu udongo ulikuwa na mikwaruzo, akapanda kwa kucha, anateleza, anashika, anateleza. Nilishangaa. Mjusi anayetembea dari kichwa chini leo anapanda kama mlevi. Nilinyoosha mkono nimrudishe, akaogopa, akapita juu ya ukuta kwenda upande wa pili. Upande wa pili mvua ilikuwa imewalazimisha kupika ndani, na ukuta ule ulikuwa laini kwa masizi. Nilisikia kitu kimedondoka. Puu, kama kijiko. Kisha nikasikia mkwe wa Bibi anapiga ukunga.

Ilikuwa zamu ya mama kupika. Maharage yalikuwa yameshaipuliwa, ameyafunua ayatie chumvi. Mjusi wangu alielea humo na mafuta mekundu yakimzunguka. Alikuwa amekufa. Mkwe alimtoa kwa mwiko, akamtupa nje, na neno la kwanza alilosema lilikuwa karuho.

Kwetu neno hilo halisemwi ovyo. Karuho ni sumu ya kupeana kwa chakula, na kila mtu anajua, au anasema anajua, kwamba hutengenezwa kwa mjusi. Majirani waliingia bila hodi. Mmoja akaenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akafukua nyavu, akarudi na kopo. Fikirini walichokiona: kopo lenye matundu, limefichwa, ndani lina vipande vya ngozi ya mjusi na mafuta, na mafuta yenyewe ni ya kwenye kidumu cha mama. Mgeni, zamu yake ya kupika, anafuga mijusi kwa siri. Hata mimi ningeamini.

Mama alinitazama mara moja tu, na hapo akajua kwamba sikumtupa.

Nilisema yote. Nilisema ni wangu, nilimfuga, aliugua surua, nikampaka. Wanawake wakaguna. Mmoja akasema mtoto amefundishwa maneno. Bibi alikuwa amekaa kwenye kibao chake, mikono magotini, na uso wake ulikuwa umezeeka ghafla. Aliongea na mama, siyo na mimi.

"Mi nilikufungulia mulango," akasema. "Mumwage hii chakula mbali na kuku. Na nyinyi mufunge bintu yenu."

Alitaka tufunge vitu vyetu tuondoke, na nje mvua ilikuwa bado inanyesha. Niliona kichwani vile vibanda vya soko. Nilimwona mama amesimama humo na mimi begani, na mimi mkubwa tayari, mzito. Hofu ilinishika, halafu hasira ikaja juu yake, kwa sababu mimi ndiye mtu peke yake katika nyumba ile aliyemjua mjusi. Alishaniuma mara tatu. Nilimtafunia ndagala mdomoni mwangu, nikamwekea ndani ya kopo lake, akazikataa, na mimi nikazila, ndagala hazitupwi. Nilikula bugali kwa mikono hii iliyomshika, kila siku, kwa miezi. Kama ni sumu, ningekuwa nimekufa zamani.

Nikasema si sumu. Hakuna aliyenisikia. Basi nikachuchumaa mbele ya chungu, nikazamisha mkono, nikala. Yalikuwa ya moto. Nikala konzi ya pili, ya tatu. Hapo mkwe akashika kichwa.

Mama alikuja akakaa chini kando yangu. Sikumwangalia, nilisikia tu bega lake. Akachukua maharage kwa mkono, akala. Akala haraka, anameza bila kutafuna vizuri, macho kwenye chungu. Wanawake waliita jina la Mungu, kila mmoja kwa namna yake. Nikafikiri, vizuri, mama ameniamini. Nilijisikia mkubwa.

Bibi alinyanyua mkono, akasema hakuna mtu kutoka, tungoje mpaka alasiri. Akasogeza kibao, akanishika kifundo cha mkono, vidole juu ya mshipa. Wengine walikaa ukutani wanatazama midomo yetu kama povu litatoka saa yoyote. Na tatizo ni kwamba mimi nilikuwa sijashiba tangu tulipotoka Fizi. Tumbo lilijaa, joto likapanda, macho yakawa mazito. Nikaegemea paja la mama. Mtu akasema ndiyo hiyo, inaanza. Mama alinipiga kofi shavuni, akanitikisa, akaniita jina langu la nyumbani, akanipiga tena. Nilijaribu kumwambia ni usingizi tu. Nadhani sikumaliza.

Niliamka wakati Bibi amerudi kutoka kuswali. Mama alikuwa amenikumbatia kwa nguvu hata mbavu zinauma, uso umelowa. Watu wote bado walikuwepo. Nikauliza kama maharage yameisha.

Bibi alianza kucheka, akashindwa kuacha. Alicheka mpaka akashika mgongo. Kisha akasema kwamba yeye na mkwe wake hawatakula, maana ni najisi, lakini najisi siyo sumu, na asiyejua tofauti aende kwake. Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Akamwambia mama arudishe nyavu mahali pake, chumba kisikae vibaya. Tuliishi pale mpaka baba alipotokea, amekonda, kwa njia ya Kilembwe, na hakuna aliyetaja tena kufunga vitu. Mjusi nilimlilia siku iliyofuata, peke yangu ndani ya nyavu. Aliniamini akapanda ukuta kwa miguu niliyoipaka mafuta mimi.

Miaka mingi nilisimulia habari hii kama hadithi ya kuchekesha, na mwisho wake ulikuwa jinsi mama alivyoniamini mbele ya mtaa mzima. Tulikuwa tumesharudi Fizi, mimi nina watoto. Siku moja nilikuwa nawasimulia, mama amekaa pembeni anachambua sombe, majani ya muhogo, nikafika pale pale, nikasema mama yangu huyu alikuwa mtu pekee aliyejua kwamba siyo sumu. Mama hakuinua kichwa. Alisema yeye hakujua kitu kama hicho. Alisema alikuwa na hakika kabisa ni sumu, kama alivyonieleza tangu mwanzo, na hata leo mjusi akianguka kwenye chungu chake atamwaga chakula.

Nilimuuliza basi mbona alikula.

"We ulikuwa umeshakula," akasema, na akaendelea kuchambua sombe.